Jani Tamu la Paraguai na Mahindi ya Ukambani

Katika maneno yapendwayo na wachuuzi wa siku hizi, hakuna lililopata heshima kama neno "asili". Sabuni husifiwa kuwa ni ya asili, dawa ya kikohozi husifiwa vivyo hivyo, na mgonjwa wa kisukari aliyekatazwa sukari huambiwa kwamba liko jani tamu litokalo Amerika ya Kusini, liitwalo stevia, ambalo halina dhara lolote kwa sababu halikutengenezwa kiwandani bali limeota ardhini. Msemo huo wavutia sikio. Lakini mwanafunzi wa historia hana ruhusa ya kuupokea kabla ya kuuliza umetoka wapi na umejaribiwa na nani. Na kwa watu wa Kitui na Makueni swali hilo si la mchezo hata kidogo, kwa maana katika mwaka wa 2004 wengi wao waliuawa na chakula walichokilima kwa mikono yao wenyewe, chakula kilichoota ardhini kama jani lile, na sumu yake haikutiwa na kiwanda chochote.

Basi habari nitakazoeleza hapa ni za mimea miwili. Mmoja ni jani ambalo wataalamu walilishuku kwa muda wa miaka arobaini. Wa pili ni nafaka ambayo mlaji hakuishuku mpaka ilipoua.

Watu wa Ukambani hawakuwa wageni wa utamu. Tangu zamani walitundika mizinga ya magogo juu ya mibuyu na migunga, na asali yake ikatumika kwa chakula, kwa dawa, na kwa pombe iliyonywewa katika mambo ya mahari na matambiko. Asali ya Kitui yasifika sokoni hata leo. Sukari nyeupe ndiyo mgeni: kiwanda cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianza kusaga miwa mwaka 1922, na miaka mingi ilipita kabla ya kikombe cha chai chenye vijiko vitatu vya sukari kuwa desturi ya kila nyumba. Yafaa tukumbuke kwamba asali yenyewe, ijapokuwa ni ya asili kabisa, humpandishia mgonjwa wa kisukari sukari ya damuni. Tena haifai kupewa mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwani yaweza kubeba mbegu za kijidudu kinachotoa sumu ya kulegeza misuli. Nyuki hana nia mbaya. Lakini nia ya nyuki haihusiani na tumbo la mtoto.

Sasa tulitazame jani lenyewe. Mmea wa stevia ni kichaka kidogo cha kaskazini mashariki ya Paraguai, na Waguarani, wenyeji wa nchi hiyo, walikuwa wakiutumia kutia utamu katika chai yao ya mate muda mrefu kabla ya mwanachuoni yeyote kuutia katika vitabu. Wao huliita jani hilo ka'a he'ê, maana yake jani tamu. Mwaka 1887 habari zake zilimfikia Moisés Bertoni, Mswisi mwenye elimu ya mimea aliyehamia Paraguai. Alipoandika juu yake mara ya kwanza, mwaka 1899, alikuwa na vipande vya majani makavu tu. Mmea ulio hai alikuja kuupata baadaye, na mwaka 1905 akaupa jina linalotumiwa mpaka leo, Stevia rebaudiana. Neno la kwanza latokana na Pedro Jaime Esteve, tabibu wa Hispania wa karne ya 16, na la pili latokana na Ovidio Rebaudi, mkemia wa Paraguai aliyeuchunguza utamu wa jani hilo. Kwa hiyo Mhispania aliyekufa zamani na mkemia wa mjini wamo katika jina la mmea, ila Waguarani walioujua kwanza hawamo. Mambo ya namna hiyo si machache katika historia ya elimu ya mimea.

Mwaka 1931 wakemia wawili wa Ufaransa, Bridel na Lavielle, waliutoa utamu ule katika majani ukawa chembechembe nyeupe safi, wakaziita steviosidi. Ilionekana kwamba chembe hizo zapita sukari kwa utamu mara mia mbili hadi mia tatu, na wala hazimnenepeshi mtu. Hata hivyo ugunduzi huo ulilala. Uliamshwa na Wajapani katika miaka ya 1970, baada ya vitu vingine vya kutia utamu vilivyotengenezwa kwa kemikali kupigwa marufuku kwao, wakaanza kuutia utamu wa stevia katika vinywaji, katika mchuzi wa soya na katika mboga za kuchachusha.

Mashtaka yalikuwa yameanza kabla ya hapo. Mwaka 1968 wachunguzi wawili, Planas na Kuć, waliandika kwamba panya majike waliokunyweshwa maji ya majani hayo walipungukiwa na uzazi. Habari hiyo ilienea upesi, na mpaka leo wako watu waipitishao kama jambo lililokwisha kuthibitishwa, ingawa wachunguzi wengine waliorudia majaribio ya namna hiyo hawakuyaona matokeo yale. Shtaka la pili lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1985 John Pezzuto na wenzake huko Chicago walieleza kwamba stevioli, kitu kinachobaki baada ya steviosidi kuvunjwa, ikichanganywa na viini vya ini yaweza kubadili urithi wa vijidudu vya jamii ya Salmonella. Kitu kibadilicho urithi wa kijidudu ndani ya chupa hushukiwa kuwa huenda kikaleta saratani katika mwili wa mtu. Nasema huenda, na msomaji alitazame vizuri neno hilo, maana ndani yake mna kazi ya miaka mingi: vijidudu si panya, panya si mtu, na kiasi kitiwacho katika chupa ya maabara si kiasi kitiwacho katika kikombe.

Serikali zilichukua hadhari. Mwaka 1991 Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizuia stevia isiingizwe nchini kama chakula, na mwaka 1995 ikaruhusu iuzwe kama kirutubisho tu, wala si kama kitu cha kutia utamu. Mwaka 1999 kamati ya wanasayansi ya Umoja wa Ulaya nayo ilikataa kuipitisha, ikisema kwamba ushahidi haujatosha. Wako waliolalamika kwamba nyuma ya makatazo hayo walikuwamo wenye viwanda vya utamu wa kemikali, ambao hawakutaka mshindani. Hata kama palikuwa na tamaa ya namna hiyo, swali lenyewe lilikuwa la haki: kitu kitakacholiwa kila siku na mamilioni ya watu, pamoja na watoto na wanawake waja wazito, chapaswa kupimwa kwanza.

Mwezi wa Juni mwaka 2004, mjini Geneva, kamati ya wataalamu ya pamoja ya Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani ilikaa kulihukumu jani hilo. Haikutoa ruhusa kamili. Ilitaja kipimo cha muda, miligramu 2 za stevioli kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, kisha ikaagiza uletwe ushahidi zaidi juu ya watu wenye kisukari na wenye shinikizo la damu lililo chini.

Katika mwezi huo huo, hospitali za Makueni na Kitui zilikuwa zimejaa wagonjwa.

Maradhi yalikuwa yameanza tangu Januari. Mtu aliumwa tumbo, akatapika, macho yake yakageuka rangi ya manjano, tumbo na miguu ikavimba, na wengi waliofikia hali hiyo hawakupona. Mara nyingine nyumba moja iliwapoteza watu kadhaa kwa majuma machache. Kwanza ilidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa ini wa kuambukiza, lakini damu za wagonjwa zilipopimwa vijidudu vya ugonjwa huo havikuonekana. Ndipo mahindi yakapimwa. Kiasi cha juu cha sumukuvu, yaani aflatoksini, kilichokubaliwa kisheria wakati ule kilikuwa mikrogramu 20 katika kila kilo. Katika baadhi ya mahindi yaliyochukuliwa majumbani zilionekana mikrogramu 4,400, yaani mara 220 ya kiasi hicho. Kufikia tarehe 20 Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Walio wengi walikuwa watu wa wilaya za Makueni na Kitui, na wengine wa Machakos na Thika.

Sumu hiyo yatoka wapi? Hutolewa na kuvu, hasa ile iitwayo Aspergillus flavus, ambayo makao yake ni udongoni. Hupanda juu ya mahindi au karanga shambani, hasa mmea ukidhoofishwa na ukame, na huzidi kukua ghalani kukiwa na unyevu na joto. Haina ladha ya kumwonya mlaji. Moto wa jikoni hauiondoi: mahindi yaliyochemshwa, ugali uliosongwa, uji uliopikwa mpaka ukaiva, vyote hubaki na sumu yake. Kazi ya kukoboa mahindi kwa kinu kwa ajili ya muthokoi hupunguza sehemu ya sumu, kwa kuwa nyingi hukaa katika ganda na kiini, lakini haiimalizi.

Wala sumu hiyo haikuwa siri mwaka 2004. Ilijulikana tangu mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya laki moja walipokufa nchini Uingereza kwa ugonjwa ambao watu, kwa kutojua sababu yake, waliupa jina la herufi X tu. Chanzo kilionekana kuwa makapi ya karanga yaliyotoka Brazili. Mwaka 1974 mahindi yenye kuvu yaliua watu zaidi ya mia moja magharibi ya India. Na mwaka 1981 jambo hilo lilifika Ukambani kwenyewe: wagonjwa 20 wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijagawanywa na kutoa wilaya ya Makueni, walilazwa hospitalini, wakafa 12. Madaktari waliandika, na maandishi yao yakasomwa na madaktari wenzao duniani kote. Kati ya maandishi hayo na ghala la mkulima palikuwa na umbali ambao miaka 23 haikutosha kuuvuka. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kusikitisha kupita yote katika habari hii, kwa sababu maarifa yalikuwapo.

Kwa nini ilikuwa mwaka ule? Ukame ulikuwa umeidhoofisha mimea, na mahindi yalipokuwa tayari kuvunwa, mwezi wa Februari, mvua zikanyesha kabla ya majira yake. Watu waliokuwa na njaa walivuna mahindi yakiwa mabichi, na kwa kuwa chakula kilikuwa haba waliogopa wezi. Wakayaacha maghala ya nje yapitayo hewa, wakayaweka mahindi ndani ya nyumba walimolala, sakafuni au katika magunia, mahali pa joto pasipo na upepo. Wachunguzi walipowalinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wa vijiji vile vile wasiougua, waliona kwamba kuweka mahindi mabichi na kuyaweka ndani ya nyumba ni mambo yaliyowatofautisha wale na hawa. Hata sokoni hapakuwa na usalama. Katika sampuli 350 zilizochukuliwa katika masoko 65, zaidi ya nusu zilipita kiasi cha sheria. Lakini mahindi mabaya kupita yote yalikuwa yale ya nyumbani, ambayo mama aliyapanda, akayapalilia na kuyavuna mwenyewe, na ambayo aliyaamini kuliko ya dukani.

Viongozi walitangaza kwamba mahindi mabovu yatupwe, na serikali ikaleta mahindi mengine badala yake. Ni rahisi kutoa amri ya namna hiyo. Lakini kumwambia mtu mwenye njaa amwage chakula ambacho kwa macho yake ni kizima, ni kumtaka aamini kisichoonekana dhidi ya kile anachokishika mkononi.

Sasa tuzilinganishe sumu hiyo na stevioli ya jani tamu, kwa kuwa zote mbili hupita katika kiungo kimoja, ini. Utamu wa stevia haumeng'enywi tumboni; hushuka mpaka utumbo mpana, ambako vijidudu vikaavyo humo huuvunja ukawa stevioli. Stevioli huingia damuni, ikafika katika ini, na ini huifunga pamoja na kitu kingine, kisha hutoka kwa mkojo. Sumukuvu nayo huchukuliwa na damu mpaka katika ini, na ini hujaribu kuigeuza ili liitoe. Lakini katika kugeuzwa huko huwa kali zaidi kuliko ilivyoingia, ikashikamana na chembe za ini lenyewe na kuharibu urithi wake. Kiasi kikubwa huua kwa majuma machache. Kiasi kidogo kikiliwa kwa miaka mingi chaweza kuleta saratani ya ini, hasa kwa mtu aliye na ugonjwa wa ini wa aina ya B. Ini lile lile moja, basi, humwokoa mtu na kitu kimoja cha asili na kumponza kwa kingine.

Ushahidi ulioagizwa Geneva uliletwa. Mwaka 2008 kamati ile ile iliondoa neno "muda" na kuongeza kipimo kikawa miligramu 4 za stevioli kwa kila kilo ya uzito. Mwaka huo huo Marekani ilikubali utamu uliosafishwa utumike katika vyakula, na Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2011. Na tupige hesabu kidogo. Mtu wa kilo 60 ameruhusiwa miligramu 240 za stevioli, ambazo ni sawa na miligramu 600 hivi za steviosidi. Na kwa kuwa kitu hicho hupita sukari kwa utamu mara 250 hivi, kiasi hicho ni sawa na utamu wa gramu 150 za sukari, yaani zaidi ya vijiko thelathini vya chai. Ni watu wachache wawezao kuufikia utamu huo kwa siku moja. Lakini mtoto wa kilo 20 kipimo chake ni theluthi tu ya hicho, na mtoto ndiye apendaye soda.

Yafaa pia tuone ni kitu gani kilichoruhusiwa. Si jani lenyewe. Marekani na Ulaya zilipotoa ruhusa ziliutaja utamu uliosafishwa. Jani zima na maji yake mazito hayakuruhusiwa, kwa kuwa ndani yake mna vitu vingine visivyopimwa vya kutosha. Hapo msemo wa wachuuzi umepinduliwa: kilichothibitishwa kuwa salama ni kile kilichopita kiwandani, na kile cha asili kabisa ndicho kilichobaki katika mashaka. Tena unga mwingi uuzwao kwa jina la stevia si stevia tupu, bali huchanganywa na vitu vingine ili ujaze kijiko, kimojawapo kikiwa erithritoli. Mwaka 2023 wachunguzi wa Marekani waliandika kwamba watu waliokuwa na erithritoli nyingi damuni walipatwa zaidi na maradhi ya moyo na kiharusi. Kwamba ndiyo iliyosababisha, hilo bado halijathibitishwa. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitumie vitu vya utamu visivyo sukari, stevia ikiwamo, kwa kusudi la kupunguza unene, kwa sababu faida ya kudumu haikuonekana. Shauri hilo halikuwahusu wale waliokwisha kupata kisukari. Mgonjwa wa namna hiyo anywaye pia dawa za sukari au za shinikizo la damu aulize hospitalini kabla ya kulitumia jani, kwa maana katika mambo hayo mawili ndipo kamati ya Geneva ilipotaka ushahidi zaidi.

Nchini Kenya jani hilo lilipata mashamba yake katika nyanda za Kericho, penye mvua, na wakulima wadogo walilipanda kwa kuuza nje. Kitui na Makueni, ambako mvua ni ya kubahatisha, si nchi yake. Hufika huko likiwa unga katika pakiti, au likiwa majani makavu katika mfuko usioandikwa tarehe. Na majani ya dawa yaliyokaushwa vibaya hupata kuvu kama mahindi.

Kwa habari ya mahindi yenyewe, mambo hayakuisha mwaka 2004. Mwaka uliofuata watu wengine waliugua. Mwaka 2010 magunia zaidi ya milioni mbili ya mahindi yalitangazwa kuwa hayafai kuliwa, na Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha uuzaji wa aina 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu ile ile. Mkulima ashauriwa akaushe nafaka yake juu ya turubai, wala si juu ya udongo, mpaka maji yaliyomo yasizidi asilimia 13.5, kisha aiweke katika ghala lenye hewa au katika mifuko isiyopitisha hewa kabisa. Huko Katumani, karibu na Machakos, kituo cha utafiti wa kilimo kimejengewa kiwanda cha kutengeneza dawa ya kuzuia sumu hiyo. Dawa yenyewe ni kuvu: ni Aspergillus flavus wa humu humu nchini, wa ukoo usio na uwezo wa kutoa sumu, aliyepakwa juu ya punje za mtama zilizouawa kwa moto. Punje hizo hutawanywa shambani majuma mawili au matatu kabla ya mahindi kuchanua, ili kuvu hiyo ienee na kushika nafasi kabla ndugu yake mwenye sumu hajawahi kupanda juu ya gunzi.